Riwaya ya vijana iliyowatia hofu majenerali

Na Mwandishi Wetu

NOVEMBA 19, 2014, wanafunzi watano walisimama mbele ya Jenerali Prayuth Chan-ocha, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Thailand, alipokuwa akihutubia katika jimbo la Khon Kaen, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. Hawakuwa na silaha wala mawe. Walivaa fulana zenye maandishi ya kukataa mapinduzi ya kijeshi, wakainua vidole vitatu juu. Mara moja wakakamatwa.

Ishara hiyo haikutoka katika ilani ya chama chochote cha siasa, wala haikuwa na mizizi katika historia ya Thailand. Ilitoka katika kitabu cha hadithi kilichoandikwa Marekani kwa ajili ya wasomaji wa umri wa shule ya sekondari.

Kitabu chenyewe ni The Hunger Games, yaani Michezo ya Njaa, cha mwandishi Suzanne Collins, kilichotolewa na kampuni ya Scholastic Septemba 2008. Kilifuatiwa na Catching Fire mwaka 2009 na Mockingjay mwaka 2010. Ni miongoni mwa riwaya zinazochora dunia ya kesho iliyoharibika, ambamo watawala wamejitwalia kila kitu na wananchi wamebaki kuwa watumishi wao.

Tangu kitoke, wasomaji wamegombana juu yake kwa namna ambayo ni nadra kuonekana kwa kitabu cha vijana. Wako waliotaka kiondolewe katika maktaba za shule, wako waliokigeuza bidhaa, na wako waliokubali kuingia mahabusu kwa sababu ya ishara iliyomo. Swali la kujiuliza ni hili: inakuwaje kitabu kimoja kisomwe kwa namna zinazopingana kiasi hicho?

Ugomvi juu ya umri

Habari yenyewe inatokea katika nchi ya kubuni iitwayo Panem, yenye mji mkuu tajiri, Capitol, na wilaya 12 zinazoulisha. Kama adhabu kwa uasi wa zamani, kila mwaka kila wilaya hutoa kwa kura mvulana mmoja na msichana mmoja wenye umri kati ya miaka 12 na 18. Vijana hao 24 huingizwa uwanjani na kuuana hadi abaki mmoja, huku nchi nzima ikilazimishwa kutazama katika televisheni.

Kura hiyo si ya haki. Mtoto wa maskini huruhusiwa kuongeza jina lake ili familia ipate nafaka na mafuta. Mhusika mkuu, Katniss Everdeen, ana miaka 16 na jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale, mwenye miaka 18, limo mara 42. Kadiri nyumba inavyokuwa na njaa, ndivyo mtoto wake anavyokaribia kifo.

Wazazi wengi wa Marekani hawakuliona hilo kwanza. Walichokiona ni watoto wanaouana. Chama cha Maktaba cha Marekani, ambacho kila mwaka hutangaza vitabu vilivyolalamikiwa zaidi, kilikiweka kitabu hicho katika nafasi ya 5 mwaka 2010, na mfululizo mzima katika nafasi ya 3 mwaka 2011. Sababu zilizotajwa zilikuwa pamoja na ukatili, kutofaa kwa umri wa wasomaji na hata madai ya ushirikina.

Malalamiko hayo hayapaswi kubezwa. Mzazi ana haki ya kuuliza mwanawe anasoma nini, na hakuna ubishi kwamba kitabu hiki kina damu. Hata hivyo, ukatili uliomo haukuandikwa ili ushangiliwe. Collins amepata kueleza kwamba wazo lilimjia usiku mmoja akibadilisha chaneli za televisheni, ambapo picha za vijana wakishindana katika kipindi cha burudani zilichanganyika na picha za vita vya Iraq hadi mpaka kati yake ukapotea. Baba yake mwenyewe alikuwa mwanajeshi wa anga aliyetumwa Vietnam.

Aidha, mwandishi alichota katika hadithi ya kale ya Wagiriki, ambamo mji wa Athens ulilazimika kupeleka vijana wake Krete wakaliwe na zimwi Minotaur. Jina Panem nalo linatokana na usemi wa Kilatini unaohusu mkate na michezo, ambao Juvenal, mshairi wa Kirumi, aliutumia kuwasuta wananchi wenzake kwa kuridhika na vitu hivyo viwili na kusahau mambo ya dola.

Kwa msomaji wa Kiswahili, harufu hiyo ya Roma si ngeni. Majina kama Caesar, Cinna na Portia, ambayo Collins amewapa watu wa Capitol, yalikwishaingia katika lugha hii kupitia tamthiliya ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, iliyotafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere na kutolewa mwaka 1963. Mada ni ileile: nani ana haki ya kumwondoa dikteta, na nini hufuata baada ya hapo.

Rangi ya Rue

Machi 2012 kitabu kilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza kama filamu, ulizuka ugomvi ambao haukuhusu damu. Baadhi ya mashabiki walilalamika hadharani kwamba Rue, binti wa miaka 12 ambaye kifo chake kinawaliza wasomaji wengi, aliigizwa na msichana mweusi, Amandla Stenberg. Wengine walidiriki kuandika kwamba kifo hicho hakikuwahuzunisha tena.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kitabu chenyewe kinasema waziwazi kuwa Rue ana ngozi ya kahawia iliyokolea. Vivyo hivyo kwa Thresh, kijana anayetoka wilaya moja na Rue, ambaye katika filamu aliigizwa na Dayo Okeniyi, mzaliwa wa Nigeria. Wilaya hiyo ni ya wakulima wanaochapwa viboko wakithubutu kula mazao wanayovuna, na si vigumu kuona historia ipi inakumbushwa hapo.

Wasomaji hao walikuwa wameupitia ukurasa huo wakauona kwa macho, lakini mazoea yao yakawachorea mtoto mwingine. Walimlilia Rue kwa muda wote waliodhani anafanana nao. Tukio hilo lilifichua jambo kuhusu huruma ya wasomaji ambalo takwimu za mauzo zisingeweza kulionyesha.

Burudani iliyolaaniwa yageuzwa burudani

Kwa upande mwingine, soko lilikuwa na usomaji wake. Filamu ya kwanza iliingiza dola milioni 152.5 mwishoni mwa wiki ya kwanza Amerika Kaskazini pekee, na filamu nne zilizotoka kati ya mwaka 2012 na 2015 zilikusanya karibu dola bilioni 3 duniani.

Mwaka 2013 kampuni ya vipodozi ya CoverGirl ilitoa rangi za midomo na kucha zilizobuniwa kwa mitindo ya Capitol, yaani mitindo ya watu wale wale ambao katika kitabu hujipamba huku wakitazama watoto wa maskini wakifa. Mwaka huohuo kambi moja ya watoto huko Florida iliandaa mashindano ya kuiga michezo hiyo, na waandaaji wakalazimika kubadili maneno baada ya watoto kuanza kuzungumzia jinsi watakavyouana.

Ni dhahiri kwamba hapa msomaji aliketi katika kiti ambacho kitabu kilikuwa kinakilaumu, akapiga makofi. Hatari ambayo wazazi waliihofia mwaka 2010 ilikuwapo, ila haikuwa pale walipoelekeza kidole. Ilikuwa katika wepesi wa kuyageuza mateso ya wengine kuwa tamasha, kisha kuliuza.

Kutoka Bangkok hadi Yangon

Ishara ya vidole vitatu katika kitabu haikuanza kama ishara ya siasa. Watu wa Wilaya ya 12 hugusisha vidole vitatu vya kati vya mkono wa kushoto midomoni, kisha huviinua, kumpa shukrani, heshima na buriani mtu wanayempenda. Ni desturi inayoonekana katika mazishi. Inageuka kuwa uasi pale tu watawala wanapoanza kuiadhibu.

Ndivyo ilivyotokea Thailand. Jeshi lilitwaa madaraka Mei 22, 2014 na kupiga marufuku mikusanyiko ya kisiasa ya watu watano au zaidi. Wananchi waliokatazwa kusema walianza kuinua vidole. Baadhi yao walieleza kwamba kila kidole kinasimama badala ya neno moja: uhuru, usawa na udugu. Watawala wakaonya kwamba watakaofanya hivyo watakamatwa, na wakati filamu ya tatu ilipotoka Novemba mwaka huo, kampuni moja ya sinema jijini Bangkok ikafuta maonyesho yake.

Kwa kufanya hivyo, majenerali waliikamilisha hadithi wenyewe. Mtawala anayemkamata mwanafunzi kwa sababu ya vidole huwa amewathibitishia waliokuwa na shaka kwamba kitabu kilikuwa kinasema juu yake. Mwaka 2020 ishara hiyo ilirejea kwa nguvu zaidi, safari hii ikiinuliwa na wanafunzi wa sekondari wakati wa wimbo wa taifa.

Kisha ikavuka mpaka. Jeshi la Myanmar lilipopindua serikali Februari 1, 2021, madaktari na wauguzi waliogoma walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuinua vidole vitatu. Februari 26 mwaka huo, Balozi wa Myanmar katika Umoja wa Mataifa, Kyaw Moe Tun, aliinua vidole hivyo mbele ya Baraza Kuu baada ya kuomba dunia iwasaidie wananchi wake.

Mei 28, 2021, kipa wa akiba wa timu ya taifa ya Myanmar, Pyae Lyan Aung, alifanya hivyohivyo uwanjani nchini Japan kabla ya mchezo wa kufuzu Kombe la Dunia. Timu yake ilifungwa mabao 10-0. Yeye hakurudi nyumbani. Agosti mwaka huo Japan ilimpa hifadhi ya ukimbizi.

Hapa ndipo tofauti ya wasomaji inapoonekana bila kificho. Kwa msomaji wa Florida, kura ya kutoa watoto ilikuwa mchezo wa kuigiza wakati wa likizo. Kwa msomaji wa Yangon, habari ya kijana anayepigwa risasi huku wakubwa wakitazama haikuhitaji maelezo. Aliyeko mbali na mateso aliisoma kama burudani, na aliyeko karibu nayo akaisoma kama taarifa ya habari.

Somo lililorukwa

Pamoja na hayo, lipo somo ambalo wasomaji wa kila upande wamekuwa wepesi kuliruka. Kitabu cha tatu, Mockingjay, ndicho kilichowagawa zaidi wapenzi wa Collins mwaka 2010. Wengi walilalamika kwamba mwisho wake una huzuni mno na kwamba shujaa wao anatoka vitani akiwa amevunjika, bila shangwe waliyoitarajia.

Lakini mwisho huo ndio uti wa mgongo wa kazi nzima. Wapiganaji wa ukombozi wanashinda, naye kiongozi wao, Coin, anapendekeza michezo ifanyike mara moja zaidi, safari hii kwa watoto wa Capitol. Katniss anapopewa upinde amuue mtawala wa zamani, anamlenga yule mpya.

Ishara inaweza kukusanya watu barabarani, lakini haiwezi kuandika katiba wala kuhesabu kura. Thailand ilifanya uchaguzi Mei 14, 2023, na chama cha Move Forward, kilichopendwa na vijana, kikapata viti 151 kati ya 500, vingi kuliko chama kingine chochote. Hata hivyo, kiongozi wake alizuiwa kuwa Waziri Mkuu kwa kukosa kura za Seneti iliyoteuliwa na jeshi, na Agosti 7, 2024 mahakama ikakivunja chama hicho.

Nchini Myanmar gharama imekuwa kubwa zaidi. Baada ya maandamano kuzimwa kwa risasi, vijana wengi walikwenda msituni kuchukua silaha. Hadi mwaka 2024, Umoja wa Mataifa ulikuwa umehesabu zaidi ya watu milioni 3 waliokimbia makazi yao ndani ya nchi hiyo.

Mwandishi mwenyewe ameendelea kuuchimba mgodi huohuo. Mwaka 2020 alitoa kitabu kuhusu ujana wa dikteta wa Panem, na Machi 2025 akatoa Sunrise on the Reaping, kinachohusu namna propaganda inavyowafanya walio wengi wawatii walio wachache. Kitabu hicho kiliuza nakala zaidi ya milioni 1.5 za Kiingereza katika wiki yake ya kwanza, ishara kwamba kiu ya wasomaji haijakatika.

Kiu hiyo ni jambo jema, iwapo itafika hadi ukurasa wa mwisho. Majenerali wa Bangkok na Yangon waliogopa vidole vitatu. Iko siku vijana walioviinua watakaa katika viti vya wakubwa hao, wakiwa na jeshi, magereza na televisheni mikononi mwao, na watoto wa maadui zao wakiwa mbele yao. Siku hiyo ndiyo itakayoonyesha walikisoma kitabu hicho kwa namna gani.