Kona ya Mwalimu: Ofisi Ikiwa Kimya, Tufanye Nini?

Poleni na joto. Wenyewe mnajua jua la hapa Juba lilivyo. Februari 2025 shule za nchi nzima zilifungwa wiki mbili kwa sababu wanafunzi walikuwa wanazirai.

Mwezi huu tunataka kuongea na wale waliobahatika kupata kibarua cha ofisini: anayeandika majina mlangoni, anayekaa mapokezi, anayetunza stoo, anayetafsiri. Majirani wanasema, "Huyo anakula hela kivulini tu." Ni kweli, kukaa kwenye kiti si sawa na kubeba matofali. Lakini kiti hicho kina mtego wake, na sisi kilitunasa. Tuwasimulie.

Likizo moja ya shule sisi walimu wawili tulipata kazi ya muda katika ofisi moja mjini. Saa mbili asubuhi mpaka saa nne watu wanajaa, tunaandika majina, tunawaelekeza. Baada ya hapo, kimya. Unasikia jenereta tu. Kuanzia saa nne mpaka saa kumi ni saa sita. Tulifanya nini? Tulicheza gemu za simu, tulipiga soga, mmoja akisinzia mwingine anachungulia kama bosi anakuja. Tulijiona wajanja kweli.

Siku moja akaja mama mmoja kutoka Gorom. Mnajua kutoka Gorom mpaka mjini ni kama kilomita 20, na nauli si mchezo. Alileta barua ya Kiingereza, ya miadi ya daktari kwa mwanawe aliyekuwa anatoka usaha sikioni. Tuliisoma wote wawili, tukamwambia, "Mama, ni Alhamisi." Alhamisi akaja na mtoto mgongoni. Akaambiwa daktari alikuwepo Jumanne na ameshaondoka. Barua ilisema "Tuesday", sisi tukasoma "Thursday".

Mama alirudi mezani kwetu. Hakutukana wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Walimu, mimi sikusoma. Ndiyo maana niliwaletea nyinyi."

Alisubiri wiki sita kupata nafasi nyingine. Mtoto alitibiwa, tunamshukuru Mungu. Lakini zile wiki sita za mtoto kulia usiku ni deni letu.

Jioni ile tulipiga hesabu. Tulikuwa tumeshakaa pale wiki tano, siku tano kila wiki, saa sita za kimya kila siku. Jumla saa 150! Saa 150 zimepita, na siku saba za wiki kwa Kiingereza bado zinatuchanganya. Kumbe tulikuwa tunapoteza hata muda wa yule mama, si wetu peke yetu.

Tangu hapo tulibadilika. Haya ndiyo tuliyoyafanya, nanyi mnaweza kuyajaribu:

1. Kazi kwanza, ruhusa pili. Panga mafaili, safisha rejista, hakikisha hakuna mtu dirishani. Halafu mwombe mkubwa wako wazi wazi: "Nikimaliza, naweza kusoma?" Sisi tuliogopa kuuliza. Tulipouliza, alijibu, "Ni bora kuliko kulala."

2. Maneno matano kwa siku. Chukua maneno yanayopita mezani kwako: siku, miezi, miadi, sahihi, tarehe. Andika neno, maana yake, na sentensi moja. Matano kwa siku ni 25 kwa wiki, ni 100 kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

3. Kuchapa kwa vidole vyote. Ukiangalia kompyuta, herufi F na J zina kialama kidogo cha kugusa. Hapo ndipo vinapokaa vidole vya shahada, na vingine vinafuata pembeni: A S D F kushoto, J K L na nukta-mkato kulia. Jifunze bila kuangalia vidole. Huna kompyuta? Chora herufi zake kwenye karatasi ufanye mazoezi hapo. Sisi tulianza na karatasi, na vidole vilizoea.

4. Lugha ya aliye karibu nawe. Mlinzi wetu alikuwa anaongea Kiarabu cha Juba. Siku ya kwanza alituomba "moyo", tukaangaliana. Anataka moyo wa nani? Kumbe kwao moyo ni maji! Tulicheka wote watatu, na kuanzia siku hiyo akawa mwalimu wetu, sisi tukamfundisha Kiswahili.

5. Andika. Barua ya maombi ya kazi, habari za ukoo, hadithi alizosimulia bibi. Familia zetu zimehama mara nyingi na watoto hawajui tulikotoka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na historia ni vivyo hivyo.

Lakini kuna mipaka jamani. Usifungue faili la mtu ambalo kazi yako haihitaji. Katika ofisi zinazohudumia wakimbizi, ndani ya faili kuna siri za maisha ya watu. Ukisoma kwa kujifurahisha halafu ukasimulia bombani, unaweza kumletea mtu hatari. Karatasi na wino wa ofisi pia si vyako. Na mtu akifika, funga daftari mara moja. Asisubiri umalize sentensi.

Labda mtu atasema, "Karani atafika wapi?" Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake vinasomwa shuleni Afrika Mashariki, alianza kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, na kwa miaka mingi alikuwa mtumishi wa serikali huku akiandika. Albert Einstein naye alifanya kazi kuanzia mwaka 1902 katika ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, akikagua maombi ya watu waliobuni vitu. Mwaka 1905, akiwa bado hapo, alitoa makala zilizobadilisha elimu ya fizikia. Mwaka 1933, akiwa nje ya nchi, aliamua kutorudi Ujerumani, akawa mkimbizi kama sisi. Hatusemi wote tutakuwa Einstein. Tunasema tu kwamba cheo kidogo hakizuii akili kufanya kazi.

Jambo la mwisho. Vibarua vyetu ni vya miezi michache. Mwaka 2025 misaada ilipopungua, mashirika mengi yalipunguza wafanyakazi, na wengi wetu tulirudishwa nyumbani. Siku ya kuondoka kiti unakiacha, kitambulisho unarudisha, feni inabaki. Unachobeba ni kile kilichoingia kichwani. Hicho hakuna anayekikagua mpakani.

Sisi mkataba wetu uliisha. Tuliondoka na daftari la maneno 200 na kitu, na leo tunalitumia darasani.

Kazi ya nyumbani ya mwezi huu: jioni mkiwa mmekaa, andikeni siku saba za wiki kwa Kiingereza na kwa lugha ya nyumbani, mbandike ukutani. Mtoto amfundishe mama, mama amsahihishe mtoto kwa lugha ya kwao. Jumanne na Alhamisi zipigieni mstari.

Na yule mama wa Gorom kama atasomewa ukurasa huu: mama, tunaomba radhi tena. Ukipata barua nyingine, tuletee. Safari hii tutaisoma mara mbili.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.