AFYA YA JAMAA: Ile NO ya pumzi yetu inatoka wapi?

Kijana mumoja wa sekondari ametuuliza hivi: «Mwalimu wa kemia alitufundisha kama moshi wa baruti uko na monoksidi ya azoti, ile wanaandikaka NO. Kisha akasema kila mutu anaitoaka mu pumzi. Baba yangu anatumikaka chini ya udongo. Ile NO ya mwili wake inatoka mule mu mine?»

Ulizo nzuri. Jibu ni hapana. Mama yako anayeuza sokoni anaitoa pia, na wewe uliye darasani vilevile. Mwili wenyewe ndio unaoitengeneza.

Wataalamu wa Stockholm, katika inchi ya Sweden, waliipima ndani ya pumzi ya watu mwaka 1991. Ni kidogo sana: mutu muzima mwenye afya, akipuliza kwa kinywa, kwa kawaida hutoa sehemu zisizofika 25 katika sehemu miliari moja za pumzi.

Lakini inatengenezwa wapi? Watu wengi wangejibu: katika mapafu. Basi, angalia. Kuna wagonjwa waliotobolewa koo ili wapumue kwa tundu. Walipopimwa, hewa iliyopita kwa tundu ilikuwa na NO kidogo sana, lakini ile ya puani ilikuwa nayo nyingi. Mwaka 1995 ikaonekana wazi: kiwanda kikubwa ni vyumba vya mifupa vilivyo kandokando ya pua, vile vinavyouma tukishikwa na mafua makali. Mule NO inafika elfu nyingi kwa miliari. Ngozi laini ya ndani inaitengeneza kwa arjinini, kitu tunachokipata katika kalanga, maharagi, samaki na nyama. Sehemu nyingine ndogo inatoka kinywani: vijidudu vya ulimi vinageuza chumvi fulani iliyo katika mboga kama lengalenga.

Kazi yake nini? Katika pua inapigana na vijidudu vya ugonjwa. Ukivuta pumzi kwa pua, inashuka mpaka mapafuni na kufungua mishipa midogo, damu ipate oksijeni vizuri. Ndiyo sababu tunawaambia watoto: funga kinywa, pumua kwa pua.

Ninyi waimbaji wa kwaya, mutafurahi. Mwaka 2002 ilipimwa kwamba mutu akiimba «mmm» kinywa kikiwa kimefungwa, NO ya puani inaongezeka mara 15 kupita pumzi ya kimya. Sauti inatikisa hewa ya vile vyumba, inatoka nje.

Waganga nao wanaitumia. Wenye asima mara nyingi wanatoa NO nyingi kupita wengine, kwa kuwa njia zao za pumzi zimevimba ndani. Kwa hiyo kuna chombo cha kupuliza kinachosaidia kutambua ule ugonjwa.

Sasa turudi kwa baba yako. Kwa sababu mwili unatengeneza NO, asidhani kwamba moshi wa baruti si kitu. Kidogo ni dawa, nyingi ni sumu. Ile ya baruti ikikutana na hewa inageuka kuwa gazi ya rangi ya kahawia, inayochoma mapafu. Ubaya wake ni huu: mutu anaweza kuivuta, akakohoa kidogo tu, akarudi nyumbani akila na kucheka. Usiku, masaa mengi nyuma, mapafu yanajaa maji na pumzi inakatika.

Basi, kijana, umwambie baba: «Baba, baruti ikisha kulia, usiingie mbio. Ungoja hewa isafike na mukubwa wa kazi aruhusu.» Naye akiwa ameivuta, asilale akingoja asubuhi, aende hospitali siku ileile, na amwambie munganga wazi kwamba ni moshi wa baruti. Na kwa vumbi la majiwe, pua peke yake haitoshi: avae maski.

NO ya pua inatulinda. Ile ya baruti, tujilinde nayo.