Majani Ukutani

Huko Uingereza, kati ya Septemba na Novemba, majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, na watoto wa chekechea huyaokota wakapamba darasa. Nasi pwani tunao mkungu, ambao majani yake huwa mekundu kabla ya kuanguka. Yalazeni kati ya magazeti, chini ya vitabu vizito, kwa juma moja. Kisha kila mtoto abandike lake kwa gundi kwenye mti wa karatasi ya kaki, usawa wa macho yake.

Tuliwahi kukosea. Tuliyabandua tukayapanga upya ili wageni wapendezwe. Mtoto akatazama ukuta, akauliza, "Langu liko wapi?" Tangu siku hiyo, jani lililobandikwa upande tunaliacha vivyo hivyo.