Nani Awe Mariamu?

Desemba inapokaribia watoto wetu hurudi kutoka shule ya Jumapili na swali lilelile: "Mama, mimi nitakuwa nani?" Mwalimu ameanza kugawa sehemu za mchezo wa Krismasi. Mmoja atakuwa Mariamu, mmoja Yusufu, na wengi watakuwa kondoo. Mwezi huu tuzungumze juu ya filamu moja ya kuchekesha inayohusu jambo hilo hilo, ambayo tuliitazama sebuleni pamoja na watoto.

Filamu hiyo inaitwa Nativity! Ilitolewa Uingereza mwaka 2009, ikiongozwa na Debbie Isitt. Hadithi yake ni ya shule ya msingi ya Kikatoliki katika mji wa Coventry. Mwalimu Maddens, anayeigizwa na Martin Freeman, anaichukia Krismasi kwa sababu mpenzi wake alimwacha majira hayo akaenda zake Hollywood. Sasa mwalimu mkuu amemkabidhi mchezo wa kuzaliwa kwa Yesu. Ili kumringia rafiki wa zamani anayefundisha shule ya watoto wa matajiri, anamdanganya kwamba watu wa Hollywood watakuja kuupiga picha mchezo wake. Uongo huo unaenea mji mzima, na ninyi mnajua uongo hauhitaji nauli.

Kilichotufurahisha hasa ni watoto. Coventry ina familia nyingi zenye asili ya Bara Hindi, Afrika na visiwa vya Karibi, na darasa lile linaonyesha hivyo. Hakuna anayesimama kueleza kwa nini mtoto fulani ni mweusi. Ni watoto tu, wanaimba, wanapiga kelele, wanaanguka. Msaidizi wa mwalimu, Bwana Poppy, anawapeleka hata wodi ya uzazi kumwona mtoto akizaliwa! Wakunga tunaowajua sisi wangewatoa mbio.

Si jambo dogo. Katika picha nyingi za kale za Ulaya, mtu mweusi kwenye zizi la Bethlehemu ni mmoja tu, yule mamajusi anayeitwa Baltazari. Mathayo hasemi mamajusi walikuwa wangapi, wala rangi yao. Naye Mariamu, binti wa Kiyahudi wa Nazareti, amechorwa mara nyingi na nywele za dhahabu.

Hata hivyo hatukuridhika na yote. Tulipofika mwisho, mwanetu wa miaka kumi aliuliza, "Mbona walimu wote ni Wazungu?" Ni kweli. Mwalimu Maddens, Bwana Poppy, mwalimu mkuu, hata yule mshindani wa shule ya matajiri, wote ni weupe. Wanaoimba ni wa rangi zote, ila wanaogawa sehemu ni wa rangi moja. Hatukumjibu upesi, maana tulikumbuka yetu.

Miaka iliyopita, katika kanisa moja tulikosaidia, tulimchagua binti wa mjane awe Mariamu. Alikuwa na sauti nzuri, na rangi yake ni nyeusi ya kung'aa. Jioni ya mchezo mmoja wetu akasema hafanani na Mariamu wa kwenye kalenda. Tukampaka poda usoni. Ukumbi ulikuwa na joto, na kabla hajafika horini jasho lilikuwa limechora mistari mashavuni. Watu wakacheka. Akamlaza mtoto wa plastiki kwenye nyasi, akatoka nje akilia, na mwaka uliofuata hakutaka hata kuwa kondoo.

Hakuna Mzungu aliyetuagiza poda ile. Sisi tuliogawa sehemu tulikuwa na rangi ya binti yule. Mama yake hakutulaumu hata neno moja, na hilo lilituuma kuliko kama angetugombeza.

Mwaka huu tena orodha iko mezani petu. Binti wa mzee wa kanisa ameshashonewa nguo ya Mariamu na nyanya yake kabla hatujakutana, na itabidi tuzungumze naye. Kijana wa mama anayefagia kanisa ameomba kuwa malaika Gabrieli. Ana kigugumizi. Mazoezi yanaanza Jumamosi saa nane, na tumemwambia aje.