Je, Ugonjwa wa Moyo Hurudi Nyuma?

Wako wanaosema ugonjwa wa moyo ukishampata mtu ni kifo tu. Wengine husema vidonge vya mwezi mmoja vinatosha. Mimi nasema wote wamekosea, na hao wa pili ndio wanaonitia hofu zaidi.

Magonjwa ya moyo ni mengi. Moyo ni pampu ya nyama. Una milango yake, na una mishipa inayoulisha damu. Kilichoharibika ndicho kinacholeta jibu.

Tuanze na milango. Mtoto huumwa koo. Asipotibiwa, baadaye anaweza kupata homa na maumivu ya viungo, na milango ya moyo ikabaki na makovu. Makovu hayo hayafutiki kwa chakula wala kwa mizizi. Sindano za penisilini kila baada ya wiki tatu au nne huzuia yasiongezeke. Mlango ulioharibika sana huhitaji upasuaji. Upasuaji huo hufanyika nchini mwetu, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Lakini kutoka Lituhi au Mbamba Bay mpaka huko ni nauli kubwa. Koo la mtoto hutibiwa hapa hapa kwenye zahanati.

Mishipa nayo huziba kwa mafuta. Mwaka 1990 Daktari Dean Ornish wa Marekani na wenzake walitangaza habari za wagonjwa 48. Kundi moja liliacha sigara, likala mboga na nafaka bila mafuta mengi, likafanya mazoezi na kujifunza kutuliza mawazo. Baada ya mwaka mmoja mishipa ya wengi wao ilikuwa imefunguka kidogo. Nasema kidogo, na watu wenyewe walikuwa wachache. Lakini ilifunguka.

Sasa presha. Ikikaa juu miaka mingi, nyama ya moyo hunenepa, kisha huchoka. Miguu huvimba, mtu hushindwa kupumua akilala, na majirani husema amerogwa. Moyo wa namna hii ukitibiwa mapema unaweza kurudisha nguvu, pengine nguvu nyingi. Hapo ndipo tunapoangukia. Uvimbe ukiisha, mtu hurudi kwenye kahawa yake, husema amepona, na huacha vidonge. Presha hupanda tena kimya kimya, bila maumivu yoyote. Kwa maoni yangu neno "kupona" linatudhuru. Afadhali tuseme "ametulia". Mmatengo hachimbi ngolo mara moja akaridhika maisha yake yote. Huzichimba upya, la sivyo mvua huchukua udongo.

Wengine hujibu kwamba sisi tunapanda milima kila siku, mazoezi tunayo. Ni kweli. Lakini miguu yenye nguvu haiondoi chumvi kwenye mchuzi. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku, pamoja na ile iliyomo kwenye samaki wa chumvi.

Basi, mwenye kadi ya kliniki aje nayo darasani, akipenda. Presha huandikwa kwa namba mbili, kwa mfano 140/90. Ikifika hapo au kupita, na ikapimwa tena siku nyingine ikawa vile vile, hiyo ni presha ya juu. Namba hizo tumekwisha kujifunza kuzisoma. Mwenye vidonge asiviache wala asivipunguze kabla ya kumwuliza mganga wa zahanati, hata akijisikia mzima.