Kutoa Habari Si Kusengenya

Mwezi wa Oktoba 2020 watu wenye silaha kutoka Msumbiji walikishambulia kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, wakaua raia. Kwa hiyo aonaye silaha akanyamaza, ana sehemu katika damu itakayomwagika.

Lakini Wamakonde wako ng'ambo zote mbili za mto. Ugeni si kosa. Tena mwenye deni aweza kumshitaki anayemdai.

Basi twasema: mtu na aseme aliyoyaona kwa macho, si aliyoyasikia, amwambie mwenyekiti wa kijiji kwa jina lake mwenyewe. Nasi makarani tuipokeapo habari, tuiandike kama ilivyonenwa, tusiongeze neno wala kuitoa nje ya ofisi. Kalamu yetu yaweza kumfunga asiye na hatia.