Aulize Yule Aliyewahi Kuuguzwa



Kila baada ya miezi mitatu vikundi vya parokia huandika ripoti ya matendo yao ya huruma: wagonjwa wangapi walitembelewa, sabuni ngapi zilitolewa, nani alipelekewa kuni na maji. Hesabu hiyo ni njema na yastahili kutunzwa. Lakini hesabu ya ziara haiwezi kuwa kipimo cha uuguzi. Bibi aliyetembelewa mara nne anaweza kubaki na kidonda kile kile mgongoni kwa sababu hakuna aliyemgeuza kitandani. Kijana anayetumia dawa za kifua kikuu anaweza kuwa ameacha vidonge tangu wiki mbili, huku daftari letu likisema kwamba anaendelea vizuri.

Maoni yangu ni haya: sisi tunaohudumu hatufai kuwa waamuzi wa huduma yetu wenyewe. Ubora wa uuguzi wa nyumbani ujulikane kwa kuwahoji wanaouguzwa, na mahojiano hayo yafanywe na wenzao, yaani watu waliokwisha kuuguzwa au kuuguza nyumbani kama wao.

Hapa Kasaji jambo hili linatugusa sote. Mji wetu uko kwenye njia ya reli iendayo Dilolo na mpaka wa Angola, mbali na hospitali kubwa za Kolwezi. Vijana wengi wenye nguvu wamekwenda kutafuta maisha kwenye migodi ya shaba na kobalti, na wazee wamebaki na wajukuu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uuguzi hufanyika ndani ya nyumba, kwa mikono ya ndugu, ya majirani wa shirika, ya RECO wanaojitolea, na ya vijana wa parokia. Huduma ya namna hiyo hufanyika nyuma ya mlango uliofungwa. Ikiwa mbaya, nani atajua?

Mtaniuliza: kwa nini mgonjwa asituambie sisi wenyewe? Ni kwa sababu ya adabu, na kwa sababu ya woga. Mgeni aliyeleta unga na mafuta akiuliza, "Mama, tunakuhudumia vizuri?", mama atajibu, "Aksanti sana, Mungu awabariki." Atasema nini kingine? Katika malezi yetu, kumlaumu aliyekuja kwako na kitu mkononi ni kukosa heshima. Tena anajua kwamba akilalamika, huenda kesho hatutarudi. Tusimwite mwongo; anajilinda kwa njia pekee aliyo nayo.

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake. Mwanamke aliyemuuguza mumewe kwa miaka ataketi kando ya mkeka na kuuliza: Usiku nani hukupeleka chooni? Binti yako anapata usingizi? Watu wakija kwako wengi, unafurahi au unaona haya? Maswali hayo ameyapata kwa kukesha. Naye anayeulizwa hutambua kwamba mbele yake ameketi mtu asiyemdai shukrani. Na ikiwa ni mzee wa Kilunda au Kichokwe, atafunguka zaidi kwa mwenzake wa lugha moja kuliko mbele ya karatasi ya Kifaransa inayotafsiriwa kwa haraka.

Fikirini mgonjwa anayeishi na virusi vya UKIMWI. Tunafika kwake watu kumi na watano, tukiwa na skafu zetu na ngoma, tukiimba tangu njiani. Kwetu hiyo ni furaha ya Kikristo. Kwake huenda ni tangazo kwa mtaa mzima. Hatatuambia kamwe. Mwenzake atamwambia, na kwa njia hiyo sisi nasi tungejua kwamba yafaa waende wawili tu, kimya kimya, wakati wa jioni.

Wazo hili limekwisha kujaribiwa kwingine. Katika jimbo la Maryland, Marekani, watu wenye ulemavu wa akili walifundishwa na kulipwa ili wawahoji wenzao juu ya maisha yao chini ya huduma wanazopewa. Mradi huo ulipewa jina lenye maana ya "Niulize mimi". Jina hilo linatosha kuwa somo, kwa kuwa watu wa namna hiyo wamezoea kuona wazazi na wafanyakazi wakijibu kwa niaba yao.

Karibu nasi zaidi, nchini mwetu, ulikuja mpango wa kuvilipa vituo vya afya kulingana na kazi iliyofanyika. Mradi wa PDSS, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliueneza katika majimbo kadhaa, Lualaba likiwemo. Katika mpango huo daftari la kituo halikuaminiwa peke yake. Majina ya wagonjwa yalichaguliwa kutoka katika rejista, kisha wanachama wa vyama vya mahali, wakaaji wa maeneo yale yale, walitumwa kuwatafuta nyumbani. Je, mtu huyu yupo? Alitibiwa kweli? Alilipa kiasi gani? Aliridhika? Majibu yao yaliweza kugusa malipo ya kituo. Basi ikiwa neno la mgonjwa, likiwa limekusanywa na jirani yake, laweza kupima kazi ya muuguzi mwenye diploma, kwa nini lisipime kazi yetu sisi wa kujitolea?

Maswali nayo yasiwe mengi. Chama cha Afrika cha huduma kwa wagonjwa mahututi, chenye makao yake Kampala, kimetengeneza kipimo cha maswali 10 tu: 7 kwa mgonjwa na 3 kwa anayemuuguza. Huulizwa juu ya maumivu, juu ya wasiwasi, juu ya amani ya moyo, na kama ndugu wa mgonjwa wamepewa maelezo ya kutosha. Jibu ni namba kati ya 0 na 5, ambayo hata asiyejua kusoma anaweza kuionyesha kwa vidole vya mkono mmoja. Nasi tunaweza kuanza na maswali machache ya namna hiyo, yale yale kwa kila nyumba.

Wapo watakaopinga, nao wasikilizwe. Watasema kwamba siri zitatapakaa sokoni. Hofu hiyo ni ya haki, kwa maana Kasaji ni mji ambamo watu wanajuana. Basi mhoji atoke mtaa mwingine. Majina yasiandikwe kwenye karatasi ya majibu. Mgonjwa awe huru kumkataa mhoji au kuliruka swali. Na mwenye kutoa siri asitumwe tena. Watasema pia kwamba wagonjwa hawajasomea kuhoji. Wafundishwe: kuuliza swali kama lilivyo, kunyamaza na kungoja, kutotoa ushauri, kutoahidi lisilo mikononi mwao. Aliyeugua naye ana kosa lake, kwani anaweza kudhani kwamba maumivu ya mwenzake yanafanana na yake; ndiyo maana maswali yawe ya aina moja. Na kama dawa imetolewa kwa kipimo sahihi, hilo ataliangalia muuguzi, wala si mhoji. Tena wahoji wapewe chochote kwa muda wao, maana maskini hawezi kutumwa bure kila siku kwa jina la upendo.

Pingamizi zito zaidi linatoka Uganda. Mwaka 2009 Martina Björkman na Jakob Svensson walitoa utafiti wao juu ya vituo 50 vya afya katika wilaya 9. Pale ambapo wanakijiji walipewa habari za kituo chao, wakaketi na wahudumu na kupatana juu ya marekebisho, vifo vya watoto walio chini ya miaka 5 vilipungua kwa karibu theluthi moja baada ya mwaka mmoja. Baadaye watafiti wengine walijaribu njia inayofanana na hiyo katika vituo zaidi ya 370 vya nchi hiyo hiyo. Matibabu yaliboreka kiasi, lakini hawakuona vifo vikipungua. Kwangu mimi fundisho ni kwamba kuuliza peke yake hakuponyi mtu. Jibu likiishia ndani ya faili, tumemsumbua mgonjwa bure, na mara ya pili atanyamaza kwa haki.

Yesu alimwuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini, ingawa kila mtu pale Yeriko aliona kwamba ni kipofu. Alimwuliza kwanza, kisha akatenda sawasawa na jibu. Hayo mawili hayatenganishwi.

Kwa hiyo napendekeza kila kikundi kitafute watu wawili au watatu waliowahi kuuguzwa au kuuguza nyumbani, wafundishwe na muuguzi wa kituo, kisha wazungukie nyumba tunazozihudumia. Majibu yasomwe mbele ya kikundi kizima, mbele ya Caritas ya parokia, na mbele ya CODESA, bila majina. Kikundi kichague jambo moja la kurekebisha kabla ya ripoti inayofuata. Hatimaye wahoji wale wale warudi kwa wagonjwa na kuwaambia: mlisema hivi, nasi tumebadili hivi; na hili hatujaliweza bado, kwa sababu hii.

Kusikia kwamba ziara zetu zinachosha, au kwamba sabuni yetu ilikuja wakati ambapo maji ndiyo yaliyohitajika, kutatuuma. Afadhali ituume sisi wenye miguu ya kutembea. Ripoti ijayo, baada ya hesabu ya wagonjwa na sabuni, iwe na mistari miwili zaidi: walichotuomba tubadili, na tulichobadili.